Buibui Mwenye Mlango, wa Kasulu na wa Kibondo

Wanangu, mkitaka kumpata buibui mwenye mlango, msimtafute buibui. Mtazunguka mpaka jua likae utosini na mtarudi mikono mitupu. Yeye amejifungia ardhini, katika shimo lenye urefu wa mwiko mdogo, na juu yake ameweka kifuniko cha udongo alichokishona kwa nyuzi zake mwenyewe. Kifuniko hicho huota ukijani uleule ulioota pembeni yake, kwa hiyo jicho hupita tu kama linavyopita juu ya ardhi yoyote. Nyinyi tafuteni mstari. Ni mstari mwembamba uliopinda kama ukucha, kwenye kingo za barabara na za vijia, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. Nendeni asubuhi, jua likiwa chini, maana mwanga wa ubavuni huutia mstari ule kivuli. Mkiuona, ingizeni ncha ya kisu polepole, mkiinue kifuniko. Mlango ukigoma, msiulazimishe. Kuna mwenyewe anauvuta kutoka ndani.

Nimefanya kazi hiyo ya kuinua milango ya wenyewe tangu nikiwa msichana mpaka nywele zimekuwa nyeupe, hapa Kasulu na kule Kibondo, na sasa nimestaafu. Vijana wa mtaani kwetu, hasa nyinyi mnaosoma sayansi, huniuliza kama kweli mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kutafuta buibui. Anaweza. Haukuwa mshahara wa kujengea ghorofa, lakini ulinilishia watoto. Na zaidi ya mshahara kulikuwa na watu niliokutana nao, na hao ndio ninaotaka kuwasimulia habari zao, kwa sababu nikikaa kimya nitakuwa kama nimekula kwao nikaondoka bila kusema asante.

Nilisomea ufundi wa maabara. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hospitali ya Kabanga, kutazama damu ya wagonjwa kwenye hadubini nikitafuta vijidudu vya malaria. Huko ndiko Dokta Zuhura alikonikuta. Hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa amesomea buibui mpaka elimu ikamwishia, jambo ambalo baba yake, muuza vitenge wa sokoni Kasulu, mzee mwenye asili ya Pangani, hakuwahi kupata namna ya kuwaeleza wateja. Akiulizwa binti yake ni daktari wa nini, alijibu, "Wa porini," akaendelea kupima kitambaa.

Dokta alikuwa amekuja kumwona shangazi yake aliyelazwa. Alipita dirishani kwetu akaniona nimeinama kwenye hadubini. Aliporudi baada ya muda mrefu alinikuta nimeinama vilevile. Akaniuliza kama shingo hainiumi. Nikamwambia inauma, ila tumeshazoeana. Mwezi uliofuata nilikuwa mfanyakazi wake, katika vyumba viwili vya kupanga karibu na soko, kimoja cha hadubini na kingine cha vichupa, majembe na baiskeli iliyokosa mnyororo.

Siku ya kwanza aliniwekea buibui mmoja kwenye kisahani akaniambia nimwandike ninavyomwona. Niliandika kwamba ni mweusi na ana miguu minane. Alisoma, akanirudishia karatasi, akaenda kunywa chai. Aliporudi nilikuwa nimeongeza kwamba miguu ya mbele ni minene kuliko ya nyuma. Akanirudishia tena. Ikawa hivyo mchana kutwa, mimi naongeza, yeye anarudisha, mpaka jioni nikagundua kwamba buibui yule hakuwa mweusi hata kidogo. Alikuwa kahawia iliyokolea, na mgongoni alikuwa na alama kama mifupa ya samaki mgebuka aliyekwisha kuliwa. Dokta akasema, "Sasa umeanza kumwona, Skola. Huyo uliyemwandika asubuhi alikuwa buibui wa watu wote."

Jina langu ni Skolastika, lakini yeye hakulimaliza hata siku moja.

Nilijifunza mengine kwa mikono. Unapochimba, usianzie juu ya shimo, utamfukia. Anzia pembeni, kwa kijiko, ukiwa umetangulia kuchomeka unyasi shimoni, ili udongo ukiporomoka usipoteze njia. Ukimaliza, fukia shimo lako, maana ng'ombe wa mtu atavunjika mguu na kesho hutakaribishwa tena. Jina la mahali andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kisha tia karatasi ndani ya kichupa pamoja na buibui. Wino huyeyuka kwenye spiriti ya kuwahifadhia. Na buibui asiyejulikana alikotoka ni maiti isiyo na kwao, hata awe mzuri namna gani.

Na spiriti yenyewe ichukueni ya kutosha. Wakati ule barabara ya Kibondo ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na utelezi masika, na safari moja chupa yetu kubwa ilipasuka njiani tukabaki na buibui walio hai na pa kuwahifadhi hakuna. Dereva wetu, Ramadhani, mtu wa Ujiji, ambaye aliwaogopa buibui kuliko simba, alisema anamjua mama mmoja anayepika gongo. Dokta alifikiri, akasema pombe ni pombe. Tukanunua dumu dogo. Tulipofika kwenye kizuizi askari akalinusa gari kabla hata hatujasimama. Akauliza kuna nini kwenye dumu. Dokta, ambaye hakujua kudanganya, akamwambia gongo, kisha akamtolea kichupa chenye buibui anayeelea. Askari akamtazama buibui, akamtazama Ramadhani, akauliza nani anayekunywa kitu hiki. Ramadhani akamwambia, kwa heshima zote, kwamba mnywaji ni huyo humo ndani. Yule askari alicheka mpaka akalazimika kuegemea gari. Alimwaga dumu lote barabarani, akatuachia vichupa, akatuambia twende na walevi wetu. Gongo nayo haikuwa kali kama sifa zake. Baada ya wiki buibui wote walikuwa wamelainika kama ugali wa jana, na tangu hapo tulibeba chupa mbili, kila moja imeviringishwa kitenge chake.

Sasa niwaeleze jambo la Kibondo.

Buibui mwenye mlango wa huku Kasulu alikuwa na jina la kitaalamu tangu enzi za wakoloni. Mgeni mmoja kutoka Ulaya alipita hapa, akakamata dume na jike, akaenda nao kwao chupani na kuwaandika. Hakurudi tena. Ng'ambo ya pili ya mto Malagarasi, upande wa Kibondo, hakuna aliyekuwa ametazama. Dokta alitaka kujua buibui hawa wanaishia wapi. Hawa si kama wale wadogo wanaopeperushwa na upepo kwa nyuzi zao. Mtoto akitoka kwa mama yake hutembea hatua chache, naye akachimba. Dokta alikuwa akisema mto mpana kwao ni kama bahari.

Tulipofika kijiji kimoja nje ya mji wa Kibondo tulianza kuzika vikombe. Kikombe cha plastiki unakizika mdomo ukiwa sawa na ardhi, buibui anayetembea anatumbukia, basi. Lakini wengi wa wenyeji wa kijiji kile walikuwa watu waliotoka Burundi miaka ya nyuma, wakapata uraia, wakalima, wakazaa. Mtu ambaye amewahi kuiacha nyumba yake akimwona mgeni anachimba vishimo kwa mstari kandokando ya shamba, hawazi buibui. Anawaza mipaka. Siku ya pili vikombe vyetu vyote vilikuwa vimeng'olewa na kupangwa vizuri mlangoni kwa mwenyekiti wa kitongoji, na sisi tukaitwa mkutanoni.

Dokta alieleza kazi yetu. Watu walisikiliza, lakini nyuso hazikufunguka. Ndipo aliposimama mama mmoja mwembamba, amejifunga kitenge juu ya sweta ya mwanamume. Tulikuja kumjua kwa jina la Bibi Fina, mjane aliyelima maharage na mihogo kwenye mteremko wa mwisho wa kijiji.

"Ukishampata huyo mdudu wako," alisema, "shamba linakuwa la nani?"

"Lako, Bibi. Mimi nachukua mdudu tu."

"Na wakubwa zako wakisema ni mdudu wa thamani, hawatakuja kutuhamisha?"

 Mimi nilitamani aseme haraka kwamba jambo hilo haliwezekani, twende zetu kazini. Hakusema hivyo. Alisema, "Siwezi kuwaapia kwa niaba ya wakubwa. Ninachoweza ni hiki. Lolote nitakaloligundua kuhusu buibui wa shambani kwako, wewe utalijua kabla yao."

Bibi Fina alimgeukia mwenyekiti akamwambia kwamba vikombe vinaweza kuanzia kwake. Wengine wakafuata. Siku nyingi baadaye, tukiwa tunakula mihogo jikoni kwake, nilimuuliza kwa nini alikubali. Alinijibu kwamba wanaoahidi kila kitu alikuwa amewaona wengi. Huyu aliahidi kidogo.

Alituonyesha mengi kuliko vikombe. Kwa Kirundi buibui ni igitangurigwa, na wa kwake alikuwa amewajua siku zote kwa sababu alipalilia kandokando ya milango yao. Walikuwa wanene, weusi kweli, na vifuniko vyao vilikuwa vizito kuliko vya Kasulu. Dokta alipowaona kwa mara ya kwanza alikaa chini kwenye matuta ya maharage. Alidhani amepata spishi mpya, na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Kilichotukosesha usingizi ni dume. Kwa buibui wa namna hii majike hufanana mno, na rangi hudanganya. Ushahidi uko kwa dume, kwenye vijikono viwili vifupi karibu na mdomo, ambavyo kila spishi imevichonga kwa namna yake kama ufunguo na kufuli. Lakini jike hukaa shimoni miaka na miaka, na dume akikomaa hutoka mara moja tu, mvua za kwanza zinapolegeza ardhi, akatembea kutafuta mke, akafa. Ukikosa siku zake chache, umekosa mwaka mzima. Sisi tulikosa mwaka baada ya mwaka. Mara mvua inyeshe tukiwa Kasulu, mara barabara ikatike, mara kuku wa kijiji watangulie kwenye vikombe.

Mwishowe Dokta aliandika kwa kutegemea majike peke yake. Si jambo geni, wataalamu hufanya hivyo. Akampa buibui jina la Kibondo, likiwa limewekewa mkia wa Kilatini. Kabla ya kutuma maandishi yake alikwenda kumwambia Bibi Fina, kama alivyoahidi. Wanangu, mngeona furaha ya kijiji kile. Mwenyekiti alilitamka jina hilo kwenye kila mkutano, kila mara kwa namna tofauti. Kijana mwenye mashine ya kusaga alichora buibui mkubwa mlangoni pake, ingawa alimpa miguu sita. Bibi Fina mwenyewe hakusema mengi. Aliuliza tu kama jina hilo litakuwa limeandikwa hata nchi za mbali. Dokta akamwambia, popote palipo na vitabu vya buibui. Bibi akasema, "Ego," yaani ndiyo, na akatufungia maharage.

Ilikuwa mvua za kwanza za mwaka mwingine kabisa simu yangu ilipolia asubuhi, nikasikia sauti ya Bibi Fina, ambaye alizungumza na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Alisema mgeni wetu amefika kwa miguu. Alimkuta akitambaa uani baada ya mvua, mwembamba, miguu mirefu, akamfunika kwa bakuli na kuweka jiwe juu. Tuliondoka saa ileile. Ramadhani hakulalamikia utelezi hata mara moja. Dokta alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, na sikuwahi kumsikia akiimba.

Jioni ya siku ya pili tulikuwa tumerudi Kasulu, dume yumo kichupani. Dokta alimlaza chini ya hadubini. Akatazama. Akamtoa, akamweka dume wa Kasulu. Akatazama. Akambadilisha tena. Nilikuwa naosha vichupa, nikaona mgongo wake umetulia kupita kiasi. Aliondoka kwenye kiti akaniambia nikae mimi.

"Ukiona tofauti, niambie," alisema.

Nilitafuta. Nilizigeuza taa, nikatafuta tena. Ncha ya kile kijikono ilipinda kama ndoano na kujisokota mara moja kuelekea nje, kwa huyu wa Kibondo na kwa yule wa Kasulu, mkunjo kwa mkunjo.

"Sioni, Dokta."

"Na mimi sioni."

Nilimwomba tusubiri dume mwingine, maana mmoja anaweza kuwa na kasoro. Hilo lilikuwa sahihi kitaalamu na alikubali. Lakini aliniambia neno ambalo nimelitumia hata kwenye mambo ya nyumbani kwangu. Alisema tusubiri, ila tusisubiri huku tunamwombea awe tofauti.

Basi tulisubiri, na huku tukasubiri kwa miguu. Tulitembea kingo za Malagarasi, upande huu na upande ule, na vijia vyote vinavyoshukia mtoni. Tuliwapata majike wengi. Kwenye udongo mwepesi walikuwa kahawia, udongo ulipokolea nao walikolea, na kule kwenye udongo mzito wa kwa Bibi Fina walikuwa weusi. Hapakuwa na mahali ambapo ungeweza kuchora mstari ukasema wa Kasulu wanaishia hapa. Walivukaje mto? Dokta alisema mito huhama, na pengine zamani ulipita kwingine. Aliposema "pengine" alikuwa na maana ya pengine. Mvua zilizofuata tulipata madume wawili zaidi, na ndoano zao zilikuwa zilezile.

Labda hamwelewi uzito wake. Katika kazi hii sheria ni kwamba spishi moja ina jina moja, na jina la kwanza ndilo linalosimama. Jina la kwanza lilikuwa la yule mgeni aliyepita Kasulu mara moja. Jina la Kibondo, lililotolewa na binti wa hapahapa aliyetambaa kwenye kingo hizi kwa miaka, lilitakiwa kulazwa chini ya lile. Na hilo ndilo jina pekee ambalo Dokta alikuwa amewahi kumpa kiumbe. Rafiki yake mmoja wa chuoni alimshauri kwa simu, nikiwa nasikia, kwamba anyamaze. Hakuna mwingine anayewatazama buibui hawa. Atakayekuja kugundua atakuja wakati yeye ameshastaafu.

Alipokata simu aliniambia, "Skola, mtu mwingine akija kulilaza jina hili, atalilaza akiwa hajawahi kumwona Bibi Fina. Bora nililaze mimi."

Tukaenda Kibondo kabla ya kutuma chochote. Ile ndiyo safari pekee ambayo Ramadhani hakutia mzaha hata kidogo. Tulimkuta Bibi Fina uani, gunia kando yake, anapukuchua maharage kwenye ungo. Tukasalimiana, "Amahoro," tukaketi kwenye mkeka. Dokta hakuzunguka. Alimweleza habari za ndoano, za udongo, za mto na za lile jina la zamani. Bibi hakuacha kupukuchua.

"Kwa hiyo Kibondo imeondolewa," alisema mwishowe.

"Imeondolewa mbele, Bibi. Itabaki imeandikwa chini yake kwamba aliwahi kuitwa hivyo."

 Maharage yaliendelea kuangukia ungoni. Mimi nilikuwa natazama mikono yake kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

"Na hawa wa kwenu Kasulu," aliuliza, "ukiwagusia mlango, nao wanauvuta?"

"Wanauvuta, Bibi. Vilevile."

"Basi ni ndugu." Alichukua ganda jingine. "Mimi miaka yote hii naambiwa kilicho kwangu kimetoka kwingine, hakina ndugu hapa. Huyu wangu ana ndugu mpaka Kasulu. Hasara yako iko wapi, mwanangu?"

 Dokta aliusogeza ungo katikati yake na Bibi, akachukua ganda, akaanza kupukuchua, na machozi yakamdondoka bila yeye kuyafuta. Bibi Fina aliyaona, akayaacha. Nami nilisogea. Tulipukuchua watatu mpaka gunia likaisha, na hatukuzungumzia buibui tena siku ile. Tulizungumzia bei ya mihogo, na mjukuu wake aliyekuwa akitaka kusomea uuguzi.

Kijana wa mashine hakumfuta buibui wake. Nilipita kwake wakati wa kuondoka nikamwambia tu kwamba ana deni la miguu miwili. Aliichora siku hiyohiyo.

Dokta alituma maandishi yake. Hakuna aliyempigia makofi. Lakini tangu hapo zilianza kufika barua kutoka kwa watu wa mbali, wakimwomba awatazamie buibui wao na kuwaambia ukweli. Vile vyumba viwili vikajaa vichupa vya nchi nyingine, nami nikapata mwanafunzi wangu wa kwanza, kisha wa pili. Kila mmoja nilimwekea buibui kwenye kisahani na kwenda kunywa chai.

Ramadhani ametangulia mbele ya haki. Alikufa akiwa bado anawaogopa, na bado alikuwa ametufikisha kila tulipotaka. Bibi Fina naye alituacha. Tulikwenda kumzika, na yule mjukuu, muuguzi sasa, alitupikia kama alivyopika bibi yake. Nawashukuru. Namshukuru hata yule askari. Na namshukuru Dokta Zuhura, ambaye angeweza kunifundisha kutafuta buibui tu akaishia hapo.

Amezeeka sasa, anatembea kwa fimbo. Mwaka jana alikuja kunitembelea hapa Kasulu. Barabara ya Kibondo imekuwa lami, na wakati wa ujenzi mitambo ilikata kingo zote za zamani, zile ambazo tulizijua mlango kwa mlango. Nilikuwa sijapita huko tangu wakati ule, kwa makusudi. Niliogopa kuona ukingo mtupu. Dokta alisema twende tukaone, kwa sababu kutojua si dawa.

Tulichukua bajaji mpaka nje kidogo ya mji. Ukingo mpya ulikuwa mrefu na laini, umeanza kuota nyasi. Dokta aliweka fimbo chini, akapiga magoti kwa shida, nami nikapiga magoti pembeni yake. Jua lilikuwa bado chini. Tulitazama kitambo kirefu, vibibi viwili tumeipa barabara migongo, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Ndipo aliponigusa mkono. Palikuwa na mstari, mdogo kiasi kwamba niliudhani unywele. Kifuniko chake kilikuwa na upana wa punje ya mbaazi. Pembeni yake kulikuwa na kingine, na juu kidogo vitatu. Walikuwa watoto, wa mama aliyeponea mahali fulani huko juu ambako mitambo haikufika, na walikuwa wameshuka hatua zao chache na kuchimba kwao.

Dokta aliingiza ncha ya unyasi kwenye mmoja, taratibu. Mlango ukavutwa kutoka ndani.

Nyuma yetu bodaboda ilisimama. Kijana aliyeiendesha alizima pikipiki akauliza kwa adabu, "Shikamooni, bibi zangu. Mmepoteza kitu, niwasaidie kutafuta?"

"Marahaba, mwanangu," Dokta alimjibu bila kugeuka. "Hatujapoteza. Njoo uone."